Kumbukumbu ya mradi wangu: saketi bila bando, Kidato cha Pili

Jumapili, 19 Januari

Huu ni mwaka wa sita nachora betri ileile ubaoni, mshale uleule wa mkondo, na mwaka wa sita napokea majibu yaleyale kwenye mtihani. Nafundisha Fizikia Kidato cha Pili katika shule ya kata wilayani Nachingwea. Darasa lina wanafunzi 58. Maabara ina ammita mbili (vipimo vya mkondo wa umeme), na moja mshale wake umekwama tangu nilipohamia hapa. Kwa hiyo wengi wa wanafunzi wangu wanajibu maswali ya umeme wakiwa hawajawahi kuona saketi ikifungwa na kufunguliwa mbele ya macho yao.

Mwezi ujao naingia mada ya umeme wa mkondo. Nimeamua mwaka huu nitafute zana za bure za mtandaoni zitakazonisaidia, na niandike hapa kila hatua, ili mwakani nisianze upya.

Nilicho nacho: laptopu yangu, projekta moja ya shule tunayoazimana walimu wote, kompyuta nne za mezani za zamani, na simu yangu. Umeme upo, ila msimu huu wa mvua unakatika mara kwa mara. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Bando natoa mfukoni mwangu.

Jumamosi, 25 Januari

Wiki nzima nimekuwa nikichuja. Jioni nafungua zana moja kwa data, naisoma, naijaribu, kisha nazima data na kuona kama bado inafanya kazi. Jaribio hilo dogo limeondoa zana nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kuna moja ya maswali ya papo kwa papo ambayo walimu wa mijini wanaisifu sana. Inataka kila mwanafunzi awe na kifaa chake mkononi. Nimeiacha. Nyingine niliyowahi kuijaribu zamani ilinipa mwezi wa bure, nikaandaa mazoezi kumi na mawili kwa siku tatu, na mwezi ulipoisha yakafungwa mpaka nilipe. Iliniuma. Tangu hapo naandaa kila kitu kwenye faili langu kwanza, na kabla ya kujisajili popote nasoma neno "bure" linaishia wapi.

Zilizobaki mezani ni hizi: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa ajili ya vitabu vya kiada, GeoGebra ya kuchora grafu, Kolibri ya masomo pasipo intaneti, Plickers ya maswali kwa kadi, na PhET ya majaribio ya skrini. GeoGebra nimempelekea mwalimu mwenzangu wa hesabu. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na ukishaipakua unachora grafu hata simu ikiwa haina salio. Mwenzangu ameshaing'ang'ania. Mimi nabaki na umeme wangu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata nilichokuwa nakitafuta. PhET ni mkusanyiko wa majaribio ya skrini kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Aliyeuanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Kilichonifurahisha ni kwamba majaribio mapya yametengenezwa kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti, na kila moja unaweza kulipakua likawa faili moja tu. Faili hilo linafunguliwa na kivinjari chochote: cha laptopu, cha simu, cha kompyuta ya zamani ilimradi kivinjari chake kisiwe cha kale mno. Nimepakua jaribio la kutengeneza saketi, nikazima data, nikalifungua. Limefunguka. Nimelitia kwenye flashi na kulipeleka kwenye kompyuta za shule, tatu kati ya nne zimelikubali.

Ndani yake unavuta betri, waya, swichi na balbu, unaunganisha kama unavyounganisha mezani. Elektroni zinaonekana zikitembea ndani ya waya. Unaweza kuweka ammita na voltimita popote. Ukiunganisha betri kwa waya mtupu bila balbu, betri inawaka moto kwenye skrini. Nimelichezea mpaka saa sita usiku.

Halafu kuna jambo la lugha. PhET inatafsiriwa na watu wa kujitolea, na kuna majaribio kadhaa yenye toleo la Kiswahili. Nitaliandikia kwa kirefu nikishaona darasani.

Jumanne, 18 Februari

Kipindi cha kwanza. Nimewaomba wakae karibu, nimefunga madirisha ya upande wa jua kwa khanga mbili, projekta nimeielekeza ukutani kwa sababu ubao mweusi hauonyeshi kitu.

Kabla ya kuwasha chochote nilichora saketi ubaoni: betri moja, balbu mbili zinazofanana, zote kwenye njia moja. Nikauliza ipi itawaka zaidi. Wanafunzi 37 walisema ya kwanza kutoka kwenye betri. Sita walisema ya pili. Kumi na watano walisema zitalingana. Nikamwomba mmoja wa wale 37 aeleze, akasema, "Madam, umeme ukifika kwa ya kwanza unaliwa, ya pili inapata makombo."

Sikumsahihisha. Maelezo yake yana mantiki kamili kwa mtu anayeona chakula kikipita kwenye sinia kutoka mkono hadi mkono. Hivyo ndivyo wanafunzi wangu wa miaka yote walivyokuwa wanafikiri, na mshale wangu wa ubaoni ulikuwa unawathibitishia: unatoka kwenye betri, unafika kwenye balbu, unaendelea. Nani angejua haupungui?

Tukajenga saketi ileile kwenye skrini. Betri nimeiweka volti 9, kila balbu ukinzani (jinsi inavyozuia mkondo) wa omu 10. Nikaanza na balbu moja: ammita ikasoma ampea 0.90. Tukaongeza ya pili kwenye njia ileile. Ikashuka hadi 0.45, na balbu zote mbili zikafifia kwa kiasi kilekile. Kisha nikamwita yule kijana aje mwenyewe aweke ammita tatu: kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Zote zikasoma 0.45. Akaiondoa ya katikati, akairudisha. 0.45. Darasa lilinyamaza, halafu likaanza kubishana kwa sauti ambayo mwalimu wa zamu alikuja kuchungulia.

Swali lililotoka kwenye ubishi huo sikulitarajia: kama mkondo hauliwi, betri inaisha kwa nini? Nimefundisha miaka sita na hakuna aliyewahi kuniuliza. Tukatumia dakika zote zilizobaki kutenganisha mkondo na nishati. Elektroni ni zilezile zinazozunguka, kinachotoka kwenye betri na kuishia kama mwanga na joto ni nishati. Balbu sambamba, yaani kila moja kwenye njia yake, sikuzifikia kabisa, andalio la somo limebaki nusu, na sijutii.

Jumatano, 26 Februari

Leo umeme ulikatika dakika ya kumi. Nilikuwa nimejiandaa: nyaya, betri za tochi na balbu ndogo za tochi nilizonunua dukani, jumla shilingi 9,400. Laptopu ilikuwa na chaji ya saa moja hivi, nikaiweka kwenye meza ya mbele ili wapite kikundi kimoja kimoja, wengine wajenge saketi halisi.

Na hapo nikapata somo. Kikundi cha dirishani kilifunga balbu mbili kwenye njia moja, na moja ikawaka kuliko nyingine waziwazi. Wakaniita kwa furaha: "Madam, njoo uone, inaliwa!" Kompyuta ilisema zitalingana, meza ilisema hapana.

Ningeweza kuwaambia balbu za dukani hazifanani, yakaisha. Nikawauliza badala yake: kama ni nafasi ndiyo inayosababisha, mkizibadilishana nafasi itakuwaje? Wakabishana kidogo, wakazibadilishana. Ile hafifu ilibaki hafifu hata ilipokuja mbele, karibu na betri. Ikawa wazi kwamba tofauti imo ndani ya balbu yenyewe. Ukinzani wake ni mdogo, na kwa mkondo uleule balbu yenye ukinzani mdogo inatoa mwanga mdogo. Tukarudi kwenye laptopu, tukaipunguzia balbu moja ukinzani mpaka omu 5, na picha ya skrini ikafanana na ya mezani.

Hili naliandika kwa herufi nzito moyoni mwangu. Jaribio la skrini peke yake lingewapa jibu safi mno. Meza peke yake ingewathibitishia kosa. Vyote viwili pamoja vimewafanya watoto wa miaka kumi na minne wabuni jaribio la kubadilishana nafasi na kulisoma wenyewe. Mwakani sitapanga kipindi cha skrini bila nyaya pembeni, hata kama ni balbu tatu tu.

Jumamosi, 15 Machi

Mambo mawili mafupi.

Plickers imefanya kazi. Unachapisha kadi, kila moja ina umbo lake, na pande zake nne ni A, B, C na D. Mwanafunzi anainua kadi upande wa jibu lake ukiwa juu, mimi napitisha kamera ya simu yangu darasani, na majibu yanajipanga kwa majina. Herufi ni ndogo, jirani hawezi kunakili kirahisi. Seti ya kawaida ni ya kadi 40, lakini ipo ya 63, na hiyo ndiyo iliyonitosha. Karatasi moja inabeba kadi mbili: karatasi 29 kwa shilingi 200, stesheneri ya sokoni, jumla 5,800. Tumezigandisha kwenye maboksi ya karatasi kwa gundi. Msizifunike kwa plastiki inayong'aa, jua likipiga kamera haisomi. Data inahitajika kidogo, na siku moja mtandao ulikata katikati ya swali, nikarudi kwenye kuhesabu mikono.

Nilirudia lile swali la balbu mbili. Wanafunzi 46 kati ya 55 waliokuwepo walisema zitalingana. Wale tisa nimewaandika majina kwenye daftari langu, nitakaa nao wiki ijayo.

Kolibri bado. Ni ya Learning Equality, na chimbuko lake ni mradi wa mwaka 2012 wa kuziwezesha video za Khan Academy kuonekana pasipo intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza masomo, na nyingine zinasoma kutoka kwake kwa mtandao wa ndani wa chumba. Hata menyu zake zina Kiswahili. Nimeiweka kwenye laptopu na inakwenda vizuri. Kinachonichelewesha ni kupata ruta ya zamani ambayo mtu haitumii.

Jumapili, 30 Machi

Sasa lugha, kwa sababu nadhani ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko yote.

Wanafunzi wangu wamesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili. Wanafika sekondari, Fizikia ni kwa Kiingereza, mtihani ni kwa Kiingereza. Mtoto anapokosa swali la umeme siwezi kujua amekosa umeme au amekosa sentensi. Kwa hiyo muda wote huu nimekuwa nikifanya hivi: kipindi cha kwanza tunafungua jaribio kwa Kiswahili, wanabishana kwa Kiswahili, wanaandika walichogundua kwa Kiswahili. Kipindi cha pili tunafungua lilelile kwa Kiingereza. Kila kitu kiko palepale kwenye skrini, maneno tu yamebadilika, na wao wanaijua tayari kazi ya kila kitu. Wanayavaa maneno mapya juu ya jambo wanalolielewa. Zoezi la jana la sentensi tano kwa Kiingereza ndilo la kwanza mwaka huu ambalo sikukuta majibu yaliyonakiliwa kutoka ubaoni.

Lakini si majaribio yote yana Kiswahili, na mengine maneno yake yanawakwaza. Nimeomba kuwa mtafsiri wa kujitolea. Wakati nasubiri, nimeshaanza kuandika maneno ya jaribio la mawimbi kwenye daftari, na nimewashirikisha wanafunzi, maana wao ndio watakaosoma.

Tulianza na maneno ya umeme kama mazoezi. "Ukinzani" ulipita bila shida. "Sambamba" pia. Tulikwama kwenye "mkondo". Mmoja aliinua mkono akasema yeye kila akisikia mkondo anafikiria mkondo A na mkondo B wa darasa, na muda mrefu alikuwa anadhani umeme nao umegawanywa vyumba viwili. Darasa halikumcheka, kumbe hakuwa peke yake. Mwingine, ambaye kwao ni karibu na mto Mbwemkuru, akasema mkondo ni pale maji yanapokwenda kwa nguvu, na mtu hawezi kuyala yakaisha, yanapita tu. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Jaribio la mawimbi lina maneno mengi, tumefika la thelathini na moja. Kesho tunaanza na neno la urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele. Wana mapendekezo matatu, na hawajakubaliana.