Siku moja na mkoba wa mafaili: wakala wa bima, Tanga

Saa kumi na mbili asubuhi simu inaita kabla sijamaliza kusuka nywele za mtoto. Bodaboda wa Makorora. Trafiki kamshika, bima yake imekufa tangu juzi usiku. "Dada, niwekee tu, jioni nakuletea hela." Namwambia nilichowaambia wenzake wote: bima ya mkopo haipo, sheria ya mwaka 2009 imeshakataa, unalipa kwanza ndipo unakatiwa. Na siku hizi huwezi kumdanganya trafiki kwa stika ya kioo. Anaingiza namba ya usajili kwenye simu yake, jibu analo. Kijana ananiita mwenye roho mbaya. Dakika kumi baadaye kalipa.

Saa mbili nafungua ofisi Ngamiani: chumba kimoja, meza, printa, na feni inayozunguka ikipenda. Hadi saa nne nimekata bima ndogo nne za magari binafsi. Mmoja ananiuliza kama hiyo italitengeneza gari lake akigonga mti. Haitalitengeneza. Bima ndogo ni ya yule utakayemgonga. Gari lako mwenyewe linataka bima kubwa. Ananitazama kama mimi ndiye niliyepanda huo mti.

Watu wengi wanadhani kazi yangu inaishia hapo, na jina wameshanipa: muuza stika. Hata stika zenyewe za karatasi zilishaondoka.

Kazi ninayoringia ni ya Jumatano. Naingiza mafaili ya wateja wa zamani kwenye mkoba, wale ambao bima zao zimebakiza kama mwezi kuisha, nawafuata walipo. Swali langu ni moja: tangu tulipoandikiana, nini kimebadilika? Umeoa, umeacha, umezaa, umeongeza chumba, umebadili namba ya simu? Hilo swali halinilipi hata senti. Kamisheni inakuja mtu akilipa, na kumsomea mtu mkataba wake ni sadaka. Bosi wangu alishaniambia napoteza nauli.

Nikianzia stendi ya Kange namkuta kijana wangu wa Probox. Kwenye faili, gari ni la matumizi binafsi. Mbele yangu limejaa watu wa Muheza mpaka kwenye buti, na yeye mwenyewe anaita abiria. Kimya kimya namvuta pembeni: ukipata ajali hivi, kampuni itauliza gari lilikuwa na kazi gani, na abiria wako ndio watakaojibu. Anacheka. "Dada, si nilikuwa nawasaidia tu?" Nauli kiganjani. Kaahidi kuja kubadilisha matumizi. Nimeandika jina lake kwa penseli.

Saa tano niko Chuda, kwa mzee mmoja mstaafu wa bandari. Hapa siku yangu ndipo ilipokwenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunidai?"

Sikuja kumdai. Nilikuja na bima yake ya moto, nyumba ya milioni 45, thamani iliyoandikwa mwaka 2008 na haijaguswa tangu hapo. Yeye katoa bati la biskuti lenye karatasi zake zote, hati ya nyumba imelala juu ya risiti za maji za miaka hiyo. Namuuliza leo nyumba inafika ngapi. Anasema milioni 150 na kiwanja chake.

"Kiwanja hakiungui, baba. Tuhesabu kuta, bati, milango. Ukianza upya na fundi leo, utatumia ngapi?"

Kabishana na mimi, kabishana na mwanawe kwenye simu, mwisho tukatua kwenye milioni 90. Nikamweleza: umeikatia nusu tu ya thamani, kwa hiyo jiko likiungua ukapata hasara ya milioni 10, utalipwa 5. Kakunja uso. "Yaani miaka yote nimelipa, halafu mnanikata?" Hatukukati, baba. Umelipia nusu ya nyumba, unalipwa nusu ya hasara. Akataka nirudie. Nikarudia. Akataka nirudie kwa mfano wa samaki. Nikarudia kwa mfano wa samaki, ingawa haukuingia vizuri, maana kauliza samaki mwenyewe kavuliwa wapi.

Kisha nikaiona fremu. Faili linasema nyumba ya kuishi. Kumbe chumba cha mbele kinachotazama barabara kapangishwa kijana anayeuza mitungi ya gesi, imepangwa mpaka dirishani. Mzee hakuona sababu ya kuniambia, "hiyo ni biashara ya mtu, si yangu." Nikamwambia moto hauulizi nani mpangaji, ila kampuni itauliza kwa nini haikuambiwa. Bei itapanda kidogo, ndiyo. Hapo kanyanyuka na kofia yake, adhuhuri imeadhiniwa.

Kaniacha kibarazani zaidi ya saa nzima. Jua la Tanga la mchana halina adabu. Mkewe kaniletea juisi ya ukwaju, akakaa na ungo wake wa mchele, akaniuliza habari za watoto. Mama mpole. Mzee karudi, kajifuta uso, kaniambia, "Haya, anza mwanzo." Mwanzo!

Nilianza mwanzo. Nilipofika karatasi ya mwisho nikatamani nisingeifungua. Bima ya maisha, mkataba wa 2004. Mnufaika: mke, na jina. Jina si la mama huyu anayepepeta mchele hatua tatu kutoka nilipo. Ni la mke wa kwanza, aliyeachwa wakati mimi niko sekondari, na Chuda nzima inajua anaishi Pongwe na mume mwingine. Mzee akifa kesho, kampuni itaangalia jina lililoandikwa.

Sasa nisemeje? Siri ya mteja ni ya mteja. Siwezi kutamka jina la mwanamke mwingine kwenye baraza ya mwenye nyumba.

"Baba, kuna karatasi hapa inamtaja mtu aliyehama."

"Aliyehama wapi?"

"Hapa."

Ungo ukanyamaza. Mzee kaishika karatasi, kaisogeza mbali, kaisogeza karibu, kaipindua upande usio na maandishi. Kisha kanipandishia sauti: "Wewe umekuja kuhesabu nyumba au kuhesabu watu?" Nikasema nyumba. Nikakusanya mafaili, nikaaga kwa heshima zote, mama kanisindikiza mpaka mlangoni bila neno, kaniwekea maembe mawili kwenye mkoba.

Wateja wawili wa Raskazone nikawapigia kuwaomba radhi. Ofisini nimefika miguu inawaka, na mtandao umelala, kwa hiyo bima ya mama wa saluni niliyomwahidi imeshindikana. Kanitukana kistaarabu, kwa mafumbo, kama wanavyojua watu wa hapa. Sikumjibu. Umeme ukakatika, ukarudi. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipofunga. Nakumbuka muhogo wa kuchoma njiani na kwamba niliula nimesimama.

Hesabu ya siku: bima ndogo nne na ya bodaboda. Jumatano yangu nzima ya mafaili haijaingiza kitu.

Baada ya isha, mtoto kalala, simu ya mzee ikaingia. Ananong'ona, nadhani yuko uani, nasikia kuku.

"Mwanangu. Ile karatasi. Kulibadilisha jina kunataka nini?"

Namwambia ni fomu moja na sahihi yake mwenyewe, nitamletea kesho saa mbili. Ile ya gesi na milioni 90 tutaongea baadaye. Nikachukua kalamu. "Nitajie jina la mama, baba, niandike."

Kabla hajafungua mdomo ikasikika sauti nyuma yake, haikunong'ona hata kidogo:

"Mwambie aandike lile la kitambulisho cha NIDA, siyo hili unaloniita wewe!"