Kumbukumbu ya mradi: kuitayarisha tochi ya LED ya SBT-90.2 iuzwe

Tochi ya kuundwa kwa mkono haiuzwi kama ya dukani. Haina boksi la kiwanda wala waranti, na mnunuzi akikosea betri hakuna pa kuirudisha. Ndiyo maana kazi ya kuiuza huanza kabla ya picha na bei: kupima upya, kufungua, kusafisha, na kuandika kilichomo ndani ili atakayeichukua aweze kuitunza. Tochi hii imeundwa Mombasa, na thamani yake iko katika ukerezaji na uunganishaji wake kuliko katika bei ya vipuri. Inastahili kwenda kwa mtu anayejua anachokishika.

Kilichomo ndani

LED ni Luminus SBT-90.2, yenye uso wa mwanga wa milimita 9 za mraba. Imelehemiwa kwenye bamba la shaba ambalo halina utando wa kuhami chini ya LED, kwa hiyo joto linashuka moja kwa moja. Bamba limekazwa kwa skrubu juu ya kitako cha shaba kilichokerezwa na kubanwa ndani ya kichwa cha aluminiamu 6061. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara mbili ya aluminiamu hiyo, ila uzito wake ni zaidi ya mara tatu, ndipo ikawekwa pale tu joto linapozaliwa.

Kiakisi ni laini, kipenyo milimita 80. Kioo cha mbele kina tabaka la kupunguza mng'ao. Ukikiinamisha kwenye mwanga utaona rangi ya zambarau. Betri tatu za saizi ya 21700 zimekaa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Saketi ni ya FET, yaani transista inayoiunganisha LED na betri moja kwa moja, ikiendeshwa na programu huria ya Anduril. Springi zimeunganishwa pembeni kwa waya laini wa shaba wenye ganda la silikoni, kwa sababu springi tupu ikibeba mkondo mkubwa hupata moto, hulegea, na mgusano ukipungua hupata moto zaidi.

Mkondo

Mita ya kawaida haifai hapa. Fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10, na nyaya zake nyembamba zina ukinzani unaopunguza mkondo uleule unaotaka kuupima. Njia inayoaminika ni kuondoa mfuniko wa nyuma, kuweka kipande cha bamba la shaba kinachogusa hasi zote tatu, kisha kuunganisha bamba hilo na ukingo wa mwili kwa waya mfupi wa milimita 6 za mraba. Waya huo ndio unaozungushiwa mita ya koleo.

Angalia vyema hiyo koleo yenyewe. Nyingi za bei nafuu hupima mkondo geu pekee. Ya kutafuta ni ile yenye alama ya mkondo mnyoofu (DC), mstari mzima juu ya mstari wa vipande, na sharti irudishwe sifuri palepale pa kupimia, kwa sababu hata sumaku ya dunia huisogeza.

Betri zikiwa zimejaa, tochi hii huanza na ampea 21 hivi. Kabla ya kusafishwa ilikuwa chini ya hapo. Sababu ilionekana kwenye ukingo mtupu wa nyuma, ule usio na anodi (gamba gumu la oksidi lisilopitisha umeme), ambapo umeme hupita kutoka mfunikoni hadi mwilini: unga mweupe wa aluminiamu iliyoliwa na hewa ya chumvi. Ukinzani wa miliomu 5 unaonekana si kitu, lakini kwa ampea 21 unakula volti 0.1, na saketi ya FET haina namna ya kufidia volti iliyopotea njiani. Dawa ni msasa laini wa 2000, kwa mkono mwepesi, kisha alkoholi ya isopropili. Msasa usifike kwenye hesi. Hesi hizi zina anodi, na anodi hiyo ndiyo inayowezesha kuukata umeme kwa kulegeza mfuniko robo duara tu.

Betri

Sehemu hii ndiyo inayopaswa kumchukulia mnunuzi muda mrefu kuliko zote. Asiyetaka kuisikiliza asiuziwe, hata akiwa na pesa mkononi.

Betri ni Molicel P42A, miliampea-saa 4,200 kila moja, aina yenye kichwa kilichochomoza. Ukinzani wa ndani umesomeka miliomu 11, 11 na 12. Namba zenyewe ni nzuri, lakini kilicho muhimu zaidi ni kwamba zinakaribiana. Betri tatu sambamba hugawana mzigo kufuatana na ukinzani wake, na ile yenye ukinzani mdogo ndiyo hubeba zaidi. Ukichanganya mpya na kuukuu, mpya itafanyishwa kazi ya zote.

Uwezo uliopimwa kwa chaja ni kati ya 3,850 na 3,900. Mnunuzi akiona hivyo atasema betri zimechoka. Hapana. Kiwanda hupima hadi volti 2.5, na chaja hii hukata kwenye 2.8. Andika kikomo hicho kando ya namba, la sivyo namba haina maana.

Hatari ya kwanza ni volti zisizolingana. Betri moja ya 4.2 ikiingizwa pamoja na nyingine ya 3.7, tofauti ni volti 0.5. Ukinzani wa betri mbili pamoja na migusano ni kama miliomu 30. Gawanya: karibu ampea 17 zitakimbia kutoka betri moja hadi nyingine bila tochi kuwashwa. Kwa hiyo betri zote hutolewa pamoja, huchajiwa pamoja na kupimwa kabla ya kurudishwa. Tofauti isizidi volti 0.05.

Hatari ya pili ni mbaya zaidi: betri moja kugeuzwa. Katika mpangilio wa sambamba, iliyogeuzwa hufungana na wenzake kwa shoti, volti 8 juu ya ukinzani ulio karibu na sifuri. Kuzuia hilo, bamba la chanya limezungushiwa pete ya plastiki iliyoinuka milimita moja kuliko shaba. Kichwa kilichochomoza hufika, kitako bapa hakifiki. Matokeo yake ni kwamba betri bapa upande wa chanya haitawasha tochi hii hata kidogo. Jambo hili limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi inayoambatana nayo, kwa sababu mtu akinunua betri bapa ataona tochi imekufa, atafungua kichwa, na cha kwanza atakachokitoa ni hiyo pete.

Betri zisiachwe zimejaa ndani ya gari lililofungwa juani. Joto pamoja na chaji kamili ndivyo viwili vinavyoizeesha lithiamu haraka. Kama tochi haitumiki, ziache kwenye volti 3.6 hadi 3.7.

Joto, hapa na bara

Kwa ampea 21 tochi inakula karibu wati 80, na zaidi ya robo tatu ya hizo ni joto. Kichwa kina uzito wa gramu 450 hivi. Aluminiamu huhitaji karibu jouli 0.9 kupandisha gramu moja nyuzi moja, kwa hiyo jouli 400 na kitu kwa kila nyuzi. Wati 60 zikiingia kichwani, nyuzi 20 zinapanda kwa dakika mbili na ushei. Kikomo kwenye Anduril kimewekwa nyuzi 50. Ikifika hapo inajipunguza yenyewe.

Hesabu hii inagusa uuzaji moja kwa moja. Usiku wa Mombasa wenye nyuzi 28 unaiachia tochi nafasi ya nyuzi 22 kabla ya kujipunguza. Usiku wa Nairobi wenye nyuzi 14 unaiachia nyuzi 36, zaidi ya mara moja na nusu. Muda wa mwanga kamili ukiutangaza bila kutaja ulipimwa wapi, mnunuzi wa Pwani atajiona ametapeliwa na wa bara atapata zaidi ya alicholipia. Andika joto la hewa.

Unyevu na chumvi

Mnunuzi wa bara ana tatizo jingine. Hewa ya Mombasa ikifungiwa ndani ya kichwa hubeba maji mengi. Mara nyingi huanza kutona umande ikishuka chini ya nyuzi 23 au 24. Ipeleke Limuru usiku, kioo kitafunga ukungu kwa ndani, naye ataamini pete za mpira zinavuja. Haziwezi kutoa maji ambayo zimeyafungia zenyewe.

Dawa yake ni kufunga kichwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi kilichowaka muda mrefu. Sehemu zilizo wazi hukaa kwanza usiku kucha kwenye kopo lisiloingiza hewa, pamoja na vipakiti vya silika jeli vilivyokaushwa. Baadaye mtihani ni rahisi: weka kichwa kwenye friji, si kwenye barafu, kwa nusu saa, kisha utazame kioo kwa ndani. Ukungu wa nje si hoja.

Pete za mpira ni za nitraili, na zinapakwa grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Mtu akija kuzibadilisha kwa pete za silikoni, grisi hiyohiyo itazivimbisha, kwa hiyo aina ya pete imeandikwa pamoja na vipimo vyake. Mafuta ya cherehani hayafai. Ni mepesi, yatatiririka na kuacha hesi kavu, na hesi kavu za aluminiamu hutafunana.

Kiakisi hakiguswi. Vumbi hupulizwa kwa pampu ya mpira. Kitambaa, hata kiwe laini namna gani, kitaacha mikwaruzo kwenye tabaka la alumini, nayo haitoki tena.

Kupima mwanga

Wauzaji wengi hutaja lumeni. Lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka, haziwezi kupimwa kwa uaminifu bila kifaa maalumu kama tufe la kukusanya mwanga, na ndiyo sababu vibandiko vya tochi za bei ya chini hubeba namba zisizowezekana kwa betri moja ndogo. Kinachoweza kupimwa vyema kwa vifaa vya kawaida ni ukali wa mwale.

Godauni tupu lenye giza linatosha. Simamisha tochi, pima mita 10 kamili, tafuta kitovu cha mwale kwa kipima luksi, washa mwanga wa juu na usome kwenye sekunde ya 30. Usipimie mita moja: kwa kiakisi kipana namna hii mwale bado haujakusanyika, na hesabu itatoka pungufu. Programu za simu hazifai kwa kazi hii.

Imesomeka luksi 2,250. Zidisha kwa mraba wa umbali, yaani 100: kandela 225,000. Kwa ANSI FL1, kiwango cha kupimia tochi, umbali wa mwale ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kandela, karibu mita 950. Hapo mwanga uliobaki ni robo ya luksi, kama wa mbalamwezi. Kutambua mtu au mashua kwa macho, chukua nusu yake au pungufu. Mvuvi au mlinzi anayeinunua kwa kazi anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Kuionyesha

Mnunuzi aione usiku, mahali peupe. Isielekezwe kwenye mlango wa Kilindini ambapo meli na feri za Likoni hupita, wala upande wa Changamwe ndege zinapotua. Ufukweni, epuka msimu kasa wanapoanguliwa: watoto wao huufuata mwangaza na kuiacha bahari.

Mfundishe pale pale. Mibofyo mitatu tochi ikiwa imezimwa husoma volti za betri kwa kumeta. Mibofyo minne huifunga isiwake mfukoni. Mwache afanye mwenyewe, kisha atoe betri, azipime, azirudishe. Akishindwa, rudia.

Bei na kusafirisha

Sh 24,000 bila betri, Sh 27,000 pamoja na betri na kikebe chake. Bei imejengwa juu ya vipuri vya kubadilisha pamoja na kazi ya mkereza. Saa za kulehemu na kupima hazimo, kwa sababu hakuna mnunuzi anayezilipa na si haki kumdai. Malipo ya M-Pesa yathibitishwe kwa salio la simu yako, si kwa ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mtu.

Ikisafirishwa kwa basi, betri zitoke ndani ya tochi, zishushwe hadi karibu asilimia 30, na kila moja ikae kwenye kikebe cha plastiki chenye mfuniko. Zikizungushiwa gazeti ndani ya boksi lenye funguo na sarafu, safari inaweza kuishia motoni. Kwa ndege ya abiria, betri za akiba huenda kwenye mkoba wa mkononi. Hizi ni kama wati-saa 15 kila moja, mbali na kikomo cha 100.

Ndani ya boksi kuna tochi, betri tatu ndani ya kikebe, pete mbili za akiba, kichupa cha grisi, na karatasi iliyofunikwa plastiki: mchoro wa saketi, vipimo vya pete, aina ya betri, luksi, ampea, joto la hewa siku ya kupima, na namna ya kufungua kichwa bila kukata nyaya za LED, ambazo ni fupi na huzungushwa mara moja na nusu tu kabla ya kuvutika. Kabla ya kukabidhi bado kuna jambo moja: kukaza upya skrubu za bamba la shaba baada ya tochi kupata moto na kupoa, kwa sababu pasti ya kupitisha joto iliyo chini ya bamba hutandazika kwenye mzunguko wa kwanza na skrubu hubaki zimelegea kidogo.