Vizibo vinane: msimu wangu wa kuendesha ligi ya futi

Alhamisi usiku, saa tatu kasorobo, simu iliita nikiwa naosha vyombo. Alikuwa mwenyekiti wa klabu iliyoshika mkia. Hata salamu hakutoa. "Jumamosi nina watu kumi na watatu," akasema, kisha akanyamaza. Nikajifuta mikono, nikavuta kiti. Mchezo wetu, futi, yaani mpira wa Kiaustralia, unataka kumi na wanane uwanjani na wengine wanne wa kubadilishana. Ilikuwa katikati ya Juni, raundi ya nane kati ya kumi na nne, na mimi ndiye katibu wa ligi.

Naishi Shepparton, kaskazini mwa jimbo la Victoria, Australia. Ni mji wa mapeasi, matufaha na viwanda vya kusindika matunda. Wakongo walianza kuletwa hapa mwaka 2005, familia kumi za mwanzo. Siku hizi ukipita dukani Jumamosi utasikia Kiswahili cha Uvira, cha Bukavu na cha kambini. Mimi ni wa Uvira kwa kuzaliwa na wa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa kukulia, na mpira nilioujua ni wa duara. Huu wa umbo la yai aliniingiza mwanangu. Alianza kuucheza shuleni, nami nikawa nampeleka mazoezini na kusubiri ndani ya gari kwa sababu ya baridi. Siku moja mzee mmoja akagonga kioo, akaniuliza kama naweza kutunza saa, maana mtunza saa wao alikuwa anaumwa. Ukikubali kutunza saa katika klabu ya kijijini umekwisha. Mwaka wa pili nilikuwa mweka hazina, wa nne nikaingia kamati ya ligi, na katibu wa zamani alipostaafu watu wote kwenye kikao waliangalia viatu vyao isipokuwa mimi.

Wenyewe wanauita futi. Mama yangu mpaka leo akisikia nasimamia futi anadhani nimepata kibarua cha ujenzi. Shemeji yangu wa Kigoma nilimtumia video, akajibu, "Shemeji, hao wanacheza au wanagombania kitu?" Nilimweleza hivi: uwanja ni wa mviringo, mkubwa kuliko wa soka. Kila upande kuna milingoti minne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita kati ya miwili ya ndani bila kuguswa, ni goli, pointi sita. Ukipita kati ya mlingoti wa ndani na wa nje, pointi moja. Mkononi unaruhusiwa kuushika, ila kuutupa hapana. Unauweka kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukikimbia nao lazima uudundishe au uuguse chini kila baada ya mita kumi na tano. Na hakuna kuotea. "Hakuna kuotea kabisa?" akauliza. Hapo ndipo alipoanza kuuheshimu.

Ligi yetu ni ya ridhaa, wachezaji hawalipwi. Klabu nane, kila moja na timu ya wakubwa, ya akiba, ya vijana chini ya miaka 16, pamoja na netiboli, kwa sababu huku vijijini futi na netiboli ni mke na mume. Kaka anapokimbia uwanjani, dada yuko kwenye kiwanja cha lami pembeni. Ukipanga futi bila kuangalia netiboli utapigiwa simu na akina mama wa miji minane kabla ya chakula cha mchana.

Ratiba niliipanga Desemba, mezani jikoni, kwa vizibo vinane vya soda. Kompyuta inaweza, najua, lakini kwa vizibo naona kwa macho. Unavipanga safu mbili, vinne juu na vinne chini, kila kinachotazamana ni mechi. Raundi inayofuata kizibo kimoja kinabaki palepale na saba vilivyobaki vinasogea hatua moja kuzunguka. Baada ya mizunguko saba kila klabu imekutana na kila nyingine. Unarudia saba, ukigeuza nyumbani na ugenini, unapata kumi na nne. Binti yangu mdogo ndiye aliyekuwa anavisogeza, na alinigombeza kila nilipokosea.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kisha dunia inaingia. Viwanja viwili ni vya halmashauri na wacheza kriketi hawatoki mpaka mwisho wa Machi. Pasaka hakuna anayetaka kucheza. Tarehe 25 Aprili ni siku ya kuwakumbuka wanajeshi, watu wapo kwenye mnara alfajiri, na kama mechi ipo basi ni ya mchana. Kuna klabu ambayo taa zake hazitoshi hata kumtafuta mbwa. Mpaka naituma, ile ratiba nzuri ya vizibo ilikuwa imejaa viraka kama suruali ya fundi gereji.

Waamuzi walinisumbua kuliko fedha. Mechi moja ya wakubwa inataka waamuzi wa kati, wa kukimbia mistarini, na wawili wa goli, wale wanaopeperusha bendera mbili kwa goli na moja kwa pointi. Wikiendi moja ya Mei nilikuwa na waamuzi wa kati watano kwa viwanja vinne. Nilifanya hesabu nyingi, mwishowe nikasogeza mechi za akiba zianze mapema ili refa mmoja achezeshe akiba kisha amsaidie mwenzake kwa wakubwa. Wachezaji wa akiba walilalamika kuamka na umande. Nikawaambia mwenye kutaka kulala aje achukue filimbi. Hakuna aliyekuja. Na sababu ya uhaba kila mtu anaijua. Mtoto wa miaka kumi na sita, amevaa filimbi kwa mara ya tatu maishani, anatukanwa na mtu mzima aliyeshika chupa ya bia nyuma ya uzio. Mmoja alinirudishia sare Jumapili asubuhi, imefuliwa na kupigwa pasi, hakusema neno. Niliumia zaidi kwa ile pasi.

Sasa turudi kwenye ile simu.

Ligi ya timu nane ikibaki na saba, kila Jumamosi kuna mmoja anayekaa nyumbani. Klabu hizi hazina mdhamini wa maana. Zinaishi kwa kiingilio cha getini, kantini, na bahati nasibu ya sinia la nyama. Kila klabu iliyobaki ingepoteza mechi na baadhi yao mapato ya siku ya nyumbani, kisha mwakani moja nyingine ingeanza kuyumba. Ndiyo maana ile timu ya mwisho, ambayo ilikuwa haijashinda hata mara moja, ilikuwa inaninyima usingizi kuliko bingwa.

Nilimpigia mwenyekiti wa klabu waliyokuwa wanakwenda kucheza nayo. Nikapendekeza wacheze kumi na sita kwa kumi na sita, naye awaazime wageni wachezaji wake watatu wa akiba. Akakataa. Sheria ni sheria, akasema, wasipofika wamepoteza, sisi tunachukua pointi nne na Jumamosi tunapumzika. Sikubishana. Nikamuuliza tu, "Pai za nyama umeagiza ngapi?" Kimya. "Mia moja na ishirini," akasema. "Na umeshalipia?" Kimya kirefu zaidi. Tukakubaliana kumi na sita kwa kumi na sita.

Walifungwa kwa pointi 148. Lakini walicheza robo zote nne, na pai ziliisha.

Nilikuwa nimenunua wiki moja tu. Uhamisho wa wachezaji hufungwa tarehe 30 Juni, na mwenyekiti yule alikuwa amekwisha kupiga simu kwa kila mpwa na kila mume wa mpwa. Jumapili nikaenda kanisani na fomu kwenye mfuko wa koti. Ibada ya Kiswahili ikiisha vijana hukaa nje wakipiga danadana hadi wazazi wamalize kusalimiana. Nikawaambia, kuna timu inatafuta watu. Wakacheka. Mmoja akasema huo ni mchezo wa Wazungu. Nikamuuliza kama anamjua Aliir Aliir wa Port Adelaide, beki aliyechaguliwa kwenye kikosi bora cha nchi mwaka 2021. Anamjua. "Unajua alizaliwa wapi? Kakuma." Mama zao walikuwa wanasikiliza, na Kakuma si neno la kuelezewa kwa mtu aliyekaa kambini. Mama mmoja akamgeukia mwanawe: "Si ulisema hapa hakuna cha kufanya wikiendi? Sikiliza baba anavyokwambia."

Walijiandikisha watano. Mazoezi ya kwanza yalikuwa kichekesho. Walikuwa na mbio, walikuwa na pumzi, lakini mpira ule ukidunda hauna adabu, unakwenda unakotaka. Kila walipoudaka walisita, kwa sababu maisha yao yote mkono ulikuwa kosa. Kocha wao, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, aliwafundisha kupiga ngumi kwa kutumia kiazi.

Jumamosi yao ya pili nilikuwepo. Robo ya tatu mpira uliponyoka chini ya milingoti, watu wanne wakauangukia kama kuku kwenye punje, na kijana wetu mmoja badala ya kuinama akaupiga palepale chini, kwa upande wa ndani wa mguu, kama penalti. Ukaviringika kwa kujikunjakunja mpaka ukapita kati ya milingoti miwili ya ndani. Yeye mwenyewe aliinua mikono kuomba radhi. Alidhani amefanya madhambi. Mwamuzi wa goli akatazama, akanyoosha vidole viwili, akachukua bendera zote mbili. Ni halali kabisa, pointi sita. Wazee waliokuwa kwenye magari walipiga honi mpaka nikaogopa betri zao.

Julai na Agosti zilienda kwa ukungu, matope na barua za kamati ya nidhamu, sina la kusimulia hapo. La kusimulia ni kosa langu.

Matokeo ya futi huandikwa magoli, nukta, pointi moja moja, kisha jumla. 9.12 ni magoli tisa na pointi kumi na mbili, jumla 66. Raundi ya kumi na nne ilipoisha, klabu mbili zilikuwa na ushindi saba kila moja, pointi 28 za ligi, na nafasi ya nne, ya mwisho ya kuingia fainali, ilikuwa moja. Wakilingana, huamuliwa kwa asilimia: unachukua pointi ulizofunga, unagawanya kwa ulizofungwa, mara mia. Ya kwanza ilikuwa na 1,119 kwa 1,092, yaani asilimia 102.47. Ya pili 1,131 kwa 1,110, yaani 101.89. Jumamosi usiku nikatangaza. Watu wakasherehekea.

Jumapili saa moja asubuhi alinipigia mama mmoja mtunza matokeo wa ile klabu ya pili. Ana daftari la shule lenye mistari, na ameandika kila mechi ya ligi kwa penseli kwa miaka mingi kuliko niliyokaa nchi hii. "Raundi ya tano," akasema. "Uliandika 12.9. Ilikuwa 9.12." Nikafungua sanduku la kadi za waamuzi wa goli, zile wanazochora mistari kila bao linapoingia. Nikahesabu kwa kidole. Magoli tisa. Pointi kumi na mbili. Nilikuwa nimegeuza namba, 66 ikawa 81, pointi 15 za bure. Siku ile wapinzani walikuwa na 55, kwa hiyo mshindi hakubadilika na hakuna aliyegundua. Toa 15: 1,104 kwa 1,092, asilimia 101.10. Walikuwa wa tano.

Sikupiga simu. Niliendesha gari dakika arobaini mpaka kwa mwenyekiti wao nikiwa na kadi kwenye bahasha. Alikuwa anakarabati uzio. Alizihesabu mara tatu akiwa ameziweka juu ya boneti ya gari, akanirudishia, akaniambia wachezaji atawaambia yeye, mimi nisifike klabuni wiki hiyo. Nilimwona ana haki. Tangu siku hiyo kila matokeo yanaingizwa na watu wawili, na wa pili ni yule mama wa daftari.

Fainali huchezwa wiki tatu kwa timu nne, na pesa za getini ni za ligi, ndizo zinazolipa bima na waamuzi wa mwakani. Kwenye nusu fainali mfungaji bora alipigwa goti la kichwa, akasimama, akauliza ni robo ya ngapi. Tabibu wa klabu akaandika mtikiso wa ubongo. Mwongozo wa mchezo unasema hawezi kurudi kabla ya siku 21, na fainali kuu ilikuwa baada ya siku 14. Baba yake alikuja kwangu na barua ya daktari, kwa upole, akasema kijana yuko sawa. Nikamjibu hiyo si nafasi yangu ya kufikiri. Walipoteza fainali kwa pointi nne. Baba yule alinipa mkono getini, lakini hakunitazama.

Klabu ya nane ilimaliza na ushindi mmoja, raundi ya kumi na mbili, kwenye mvua.

Desemba, mwenyekiti wake akapiga simu tena, safari hii akasalimu. Alitaka kujua ratiba inatoka lini, na kama wanaweza kupata mechi ya kwanza nyumbani, maana wamenunua jiko jipya la kantini. Nilifungua kopo ninamohifadhia vizibo. Vilikuwa saba. Binti yangu amekifanya kimoja gurudumu la gari la boksi la maziwa, na hakutaka kukitoa, kwa hiyo nikafungua soda.