Taa ya nyuma ya pikapu inapojaa maji

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1994, na kazi yake ya kila wiki ni kubeba mahindi na vitunguu kati ya Busia na Bugiri. Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikiwa imenyesha tangu alasiri, kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu tangu Bugiri alinikuta nimesimama kituo cha mafuta, akaniambia, "Mzee, taa yako ya nyuma ya kulia imekufa. Ukishika breki ndiyo inaonekana kidogo, kama mshumaa." Nilimshukuru sana, kwa sababu barabara ile hupitwa na malori ya mizigo usiku kucha, na gari lisiloonekana kwa nyuma huhatarisha maisha ya watu wengi kuliko dereva wake peke yake.

Asubuhi nilikaa kwenye usukani, taa zote zikiwa zimezimwa, nikakanyaga breki huku mwanangu akilizunguka gari. Akaita, "Baba, taa ndogo za mbele nazo zinawaka!" Mara nyingi dalili hiyo haitokani na balbu mbovu, bali na athi, yaani njia ya kuurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Balbu ya nyuma ina nyuzi mbili, wa wati 5 kwa taa ya kawaida na wa wati 21 kwa breki, nazo hutumia athi moja. Athi ikiliwa na kutu, umeme wa breki hukosa pa kurudi, ukapita kwenye ule uzi mwingine na kuingia katika waya wa taa ndogo, ndipo taa za mbele huwaka kwa unyonge bila kuwashwa na mtu.

Nilipofungua kioo cha taa nilikuta maji yenye kina cha kidole kimoja, na chini yake tope jekundu la murram, laini kama unga. Kishikio cha balbu kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba taa hiyo ilikuwa imezibwa mwaka uliotangulia na fundi niliyemlipa, ambaye aliizungushia silikoni pande zote kwa nje, hata kile kitundu kidogo cha chini akakifunika.

Watu wengi hudhani kwamba taa huingia maji kwa sababu mvua huipiga kwa nguvu, kumbe taa hupumua. Balbu ya wati 21 huipasha joto hewa iliyo ndani, hewa hiyo ikatanuka na kutoka kidogo. Mvua inapokipiga kioo ghafla, hewa hupoa na kunywea, na taa huvuta chochote kilicho karibu kupitia ufa wowote, hata usioonekana kwa macho. Sehemu ya nyuma ya pikapu huzungukwa sana na vumbi na matone ya matairi, kwa hiyo kinachovutwa ni maji machafu. Kile kitundu cha chini kimewekwa ili taa ipumulie hapo na maji yatokee hapo. Ukikiziba, umeyafungia maji ndani.

Kinachopaswa kuyazuia maji ni gasketi, yaani ukanda wa sponji uliolala katika mfereji kati ya kioo na sahani ya taa. Ya kwangu ilikuwa imekauka na kukatika juu, na mchirizi wa tope ulionyesha wazi maji yalikoingilia. Kabla ya kusafisha chochote ni vizuri kuutafuta mchirizi huo, kwa sababu ukishaufuta umepoteza ushahidi. Wauza spea niliowauliza walikuwa na taa nzima tu, kwa hiyo niliamua kukata gasketi mwenyewe. Mpira wa tyubu ya tairi, ambao mafundi wengi huutumia, haufai hapa: haubonyei, na skrubu zikikazwa kioo hupinda na kupasuka. Nilichukua soli ya kandambili mpya, ambazo hapa kwetu wengi huziita sapatu, nikalaza kipande chake ndani ya maji usiku mzima. Asubuhi nilikikata katikati na ndani kilikuwa kikavu kabisa. Sponji ya godoro ingekuwa imelewa maji.

Nilitoa waya wa hasi wa betri, nikang'oa silikoni yote ya zamani kwa kipande cha plastiki, kisha nikaosha kioo kwa sabuni na maji. Petroli isiguse kioo cha taa, kwa maana hukifanya kififie na kuota nyufa nyembamba. Kishikio cha balbu nilikisugua kwa msasa laini hadi chuma kikang'aa, na vilevile mahali waya wa athi unapofungwa kwenye bodi, kisha nikapaka grisi kidogo. Ukanda niliukata mnene kidogo kuliko kina cha mfereji ili ubanwe, na ncha zake mbili nilizikata mshazari zikalaliana, nikaziweka upande wa chini, kwa sababu kiungo kikiwa juu kila tone linaloteremka hukipitia. Kitundu cha chini nilikizibua kwa sindano.

Silikoni niliitumia mahali pamoja tu, kwenye ufa wa sahani ya taa, na nilichagua ile isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba na chuma vilevile ulivyotoka kuvisafisha. Niliiacha siku nzima ikauke. Pia kuna mpira mdogo unaozunguka waya unapoingia kwenye taa. Wengi huusahau, nao ukipasuka, gasketi mpya haitasaidia kitu.

Skrubu nilizikaza kwa kupishana pembe, kidogo kidogo, kwa mkono tu, hadi nikaona ukanda umebanwa sawasawa pande zote. Kabla ya kufunga nilikuwa nimeweka ndani kipande cha gazeti, mbali na balbu, kisha mwanangu akaimwagia taa maji ya ndoo tatu kutoka juu na pembeni, taa ikiwa imewashwa kwanza kwa robo saa ili ipate joto. Tulipofungua, gazeti lilikuwa kavu. Nililitoa, nikafunga tena na kukanyaga breki, na safari hii taa ndogo za mbele zilibaki gizani.

Taa ya kushoto bado inafanya kazi, lakini nayo ina ukungu ndani ya kioo kila asubuhi, na kipande cha soli kilichobaki kinaitosha.