Bledi za msumeno wa meza kwa viungo vya vidole na mifereji: ninavyochagua hapa Mwanza

Ukiingia duka la vifaa hapa mjini ukaomba bledi ya milimita 250, muuzaji atakuuliza unataka ya meno mangapi. Kwa kuchana na kukatisha mbao swali hilo linatosha. Kwa kiungo cha vidole cha sanduku, yaani vidole vya mbao vinavyoingiliana kwenye kona, au mfereji wa kuingizia rafu, halitoshi, maana kazi hizo mbili zinategemea kitako cha mkato, na kitako kinachongwa na ncha ya jino. Mimi naangalia kwanza umbo la ncha, kisha upana wa jino, kisha tundu la katikati. Idadi ya meno naiuliza mwisho.

Bledi nyingi za kukatisha, zenye meno 60 au 80, meno yake yamenolewa kimshazari, moja linaelekea kushoto na linalofuata kulia. Kwenye boksi utaona herufi ATB. Zinakata nyuzi kwa usafi sana juu ya mbao, lakini chini zinaacha pembe mbili zilizozama na kituta katikati. Jino la upana wa milimita 3.2 lenye mshazari wa digrii 15 linaacha kituta cha karibu milimita 0.4. Ukipitisha bledi hiyo mara nne kupanua mkato, unapata matuta manne. Gundi haijazi pengo hilo kwa nguvu ya kuaminika, na kwenye sanduku linalokaa nje maji ya mvua yanapata pa kuingilia.

Ninayoitafuta ni yenye ncha bapa, iliyoandikwa FTG au FT. Kwa kawaida huuzwa kama bledi ya kuchana, meno 24. TCG ni kitu kingine: jino moja limekatwa pembe na linapanda juu kidogo kuliko jirani yake, kwa hiyo katikati ya mfereji kunabaki kijito. Ni nzuri kwa alumini na bodi ngumu, si kwa kazi hii. Kama boksi limepotea, kama ilivyo kwa bledi nyingi za mtumba, ipige picha ya karibu kwa simu ukiitazama ncha ya jino kwa mbele. Ukipata nafasi ya kuijaribu, kata mfereji kwenye kipande cha mbao ngumu, simamisha ukingo wa rula ya chuma ndani yake, halafu tazama mwanga unapita wapi. Zile bledi za chuma kitupu zinazonolewa kwa tupa na kupindwa meno kulia na kushoto ziache ziendelee kuchana magogo. Kitako chake hakinyooki hata fundi awe hodari vipi.

Bledi ya ATB isiyo na kazi si ya kutupa. Mnoaji mwenye jiwe la almasi anaweza kusaga ncha zote kwa digrii 0, mradi kabaidi, ile ncha ngumu iliyochomelewa kwenye jino, iliyobaki ni nene. Mwambie asiguse ubavu wa jino, maana huo ndio upana wako.

Upana wa jino usisome kwenye lebo. Bledi nene za kawaida ni milimita 3.2, nyembamba ni karibu 2.4, lakini mkato halisi unakuwa mpana zaidi kama shafti au washa ina kasoro na bledi inayumba. Kata mfereji, upime kwa kalipa kwenye mbao. Namba hiyo ndiyo ya kupangia kazi nzima. Bledi nyembamba mimi siitumii kwa vidole, kwa sababu sahani yake, yaani bamba la chuma linaloshika meno, inapinda ikipata joto na mfereji wa kumi hautalingana na wa kwanza.

Nitoe hesabu ya kitu ninachotengeneza mara nyingi, mzinga wa nyuki wa Langstroth. Sanduku kubwa la mzinga huo kwa nje ni karibu milimita 505 kwa 413, kimo 244, mbao ya milimita 22. Mbao yangu ni paini ya Buhindi, au ya Rubya kule Ukerewe. Bledi ya 3.2 ikipita mara nne, kila mara mbao ikisogea 3.0, inatoa mfereji wa 3.2 + 3.0 + 3.0 + 3.0, yaani 12.2. Ile 0.2 ya kupishana ni ya lazima, bila hiyo kunabaki nyuzi nyembamba zimesimama kati ya mkato na mkato. Kidole nakiacha 12.1 ili gundi ipate nafasi ya 0.1. Mfereji na kidole pamoja ni 24.3, na jozi kumi ni 243. Basi ubao nauchana 243 badala ya 244. Nafasi ya nyuki kati ya sanduku na sanduku inaruhusu kati ya milimita 6 na 9, kwa hiyo milimita moja haimsumbui nyuki wala mfugaji.

Kwenye kigari cha kusukumia mbao, kipini, yaani kijiti kinachosimama kando ya bledi kupimia nafasi ya kila kidole, kiwe chembamba kama bledi, 3.2, cha mninga au mkongo. Kisha andaa vipande vitatu vya milimita 3.0 kamili. Kipini na vipande vyote kwa pamoja vinajaza mfereji mmoja. Unaanza na vipande vyote vitatu upande wa kipini unaoelekea bledi, unakata, unahamisha kimoja kwenda upande wa pili, unakata tena, mpaka vyote vihame. Umbali kutoka kipini hadi jino la karibu ni upana wa mfereji, jumlisha vipande vyote, toa 0.1. Hapa ni 12.2 + 9.0 − 0.1 = 21.1. Kidole cha kwanza kinapimwa kwa kuegemeza ukingo wa ubao kwenye vipande hivyo. Ubao wa pili unaanza na mfereji, hivyo unaegemezwa kwenye kidole cha kwanza cha ubao uliokwisha kukatwa, ukiwa umevalishwa kipini. Zibane mbao mbili pamoja zisogee kama kitu kimoja.

Kina cha mkato ni unene wa mbao kuongeza nusu milimita: 22.5. Ncha zitachomoza kidogo na msasa utazilaza. Kiungo kikikataa kuingia, vidole ni vinene, sogeza kipini kuelekea bledi. Kikiingia na kudondoka chenyewe, kirudishe nyuma. Badiliko la kipini la 0.1 ni badiliko la kidole la 0.1, halijikusanyi, kwa sababu mbao zote mbili zinahesabiwa kutoka kipini kilekile. Kinachotakiwa ni kusukuma kwa mkono na kumalizia kwa nyundo ya mbao.

Kinachojikusanya ni unyevu, na hapa kando ya ziwa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Paini ikibadilika unyevu kwa asilimia 4, ubao wa 243 unaweza kupanuka au kusinyaa milimita 2 au zaidi kidogo. Ukikata mbao mbili leo na mbili baada ya wiki ya mvua, vidole vya kwanza vitakutana na vya mwisho vitagongana. Kata zote nne siku moja, kutoka rundo moja. Kama huna kipima unyevu, pima uzito wa kipande kimoja kila siku chache. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Paini mbichi pia inaacha manyoya ndani ya mfereji hata kwa bledi mpya.

Ncha bapa ina udhaifu mmoja. Ikikatisha nyuzi inazing'oa kingo, hasa kwenye plaiwudi na mninga. Kwa vidole, dawa ni ubao mzima nyuma ya kazi, na uubadilishe kila unapobadilisha kina. Kwa mfereji wa rafu, chora kingo zote mbili kwa kisu kikali kabla ya kukata, na funika uwazi wa meza kwa kipande kilichokatwa na bledi yenyewe. Plaiwudi ya 18 pima kwanza; mara nyingi haifiki 18, na mfereji wa 18 utaiacha inacheza.

Seti za kupanga, bledi mbili za nje na vikata vya kati, zinafanya mfereji wa 18 kwa mpito mmoja, na ipo seti ya bledi mbili za vidole inayotoa 6.35 au 9.5 kwa kuzigeuza tu. Nyingi zina tundu la 15.88. Mashine zilizotengenezwa kwa mtindo wa Ulaya zina tundu la 30 na shafti fupi. Kabla hujatoa pesa, pima shafti: seti ikishakaa, nati ishike uzi wake wote. Isiposhika, usiifunge. Ringi ya kupunguza tundu iingie kwa kubana na isizidi unene wa sahani. Kufunga bledi mbili za kawaida pamoja ili kupata upana sikushauri kabisa, meno ya kabaidi yakigusana yanavunjika na kuruka.

Kwa mashine zinazochomelewa hapa kwetu, piga hesabu ya pulei. Mota ya nguzo mbili kwenye umeme wa hezi 50 inazunguka karibu mara 2,850 kwa dakika. Pulei ya mota ikiwa kubwa mara 1.4 ya pulei ya shafti unapata karibu 4,000, inayotosha bledi ya 250. Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye sahani. Bledi ya mbao usiifunge kwenye grainda hata kama tundu linaingia, kasi yake inaweza kufika 11,000.

Kisu cha nyuma ya bledi kikipanda juu ya meno, lazima kishushwe au kiondolewe kwa mikato hii isiyopenya. Kirudishe kabla ya kuchana tena. Nyuma ya kigari gundisha bonge la mbao mahali bledi inapotokea, vidole gumba hukaa hapo bila mtu kujua.

Utomvu wa paini ukiganda ubavuni, bledi inapata joto, inapinda, na mfereji wa 12.2 unakuwa 12.4. Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, sugua kwa brashi ya nailoni, utomvu mkaidi utoe kwa mafuta ya taa, kausha, paka mafuta mepesi. Kabla ya kurudi kwenye mzinga, kata mfereji mmoja wa majaribio na uupime upya.