Huyu Kijana Anakula Nini?

Riwaya ninayoiandika ni ya vijana waliojenga reli ya TAZARA, na Julai ile nilikuwa na sura moja niliyoipenda kuliko zote, sura ya handaki. Kijana wangu anaingia mlimani na wenzake, kati ya Mlimba na Makambako, baruti inalipuka, vumbi linatanda, kisha anasimama mbele ya mwamba uliopasuka na kusema maneno mazito kuhusu Afrika. Niliiandika kwa moyo wote. Niliisoma kwa sauti chumbani hadi dada yangu akaikariri.

Usiku nilikuwa nairudia Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Nilitaka kujifunza kwake jinsi ya kuandika kazi nzito bila kuigeuza hotuba. Mchana nikipata nafasi nilikusanya habari za reli yenyewe: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ujenzi uliozinduliwa mwaka 1970 Nyerere na Kaunda wakiwapo, kokoto zilizopasuliwa hapa kwetu Mbeya, Kongolo. Nimekulia Uyole, na utotoni hakuna aliyewahi kuniambia kwamba pale ndipo reli nzima inapopanda juu zaidi, mita 1,789 hivi kutoka usawa wa bahari. Nilipolisoma hilo nilifunga daftari nikatoka nje kuangalia tu. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikisikia treni ikihema usiku, na sikujua kwamba inamalizia mlima.

Jirani yetu mmoja wa Iyunga alifanya kazi kwenye reli hiyo akiwa kijana, ametoka Rungwe na begi la nguo. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo mkewe akaniambia niende Jumapili baada ya ibada, nimsomee.

Mbeya ya Julai wenyeji mnaijua. Jua linawaka na baridi haitoki mwilini. Mzee alikuwa amekaa uani, koti zito, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, na bibi ameshachochea jiko la mkaa, sufuria ya viazi inatokota. Nikaamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kile kitabu?"

Nikasoma. Alisikiliza amefumba macho, viganja vimekaa juu ya fimbo. Nilipofika kwenye baruti nikapandisha sauti, maana pale ndipo nilipomtaka ashtuke. Akainua kidole.

"Ngoja kwanza. Huyu kijana anakula nini?"

Nikamwambia anakula ugali.

"Ugali wa nani? Nani kausonga? Kuni katoa wapi, na mvua ile?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakulisubiri. Akafungua macho, akaweka fimbo chini, akaanza kusimulia mwaka 1972, kambi yao upande wa Mlimba, mvua ya masika katika bonde la Kilombero. Tope, alisema, lilikuwa na njaa. Ukikanyaga vibaya mguu unatoka, buti linabaki, na buti ni hilo hilo. Kuni zote zilikuwa mbichi. Mpishi wao alikuwa kijana wa Njombe, mdogo kuliko wote pale kambini, na kila jioni alikuwa anachanja vijiti kutoka kwenye moyo wa gogo kavu, anavifunga kwa kamba ya gome, analala navyo ndani ya blanketi. Kila akigeuka usiku vinamchoma mbavuni. Alfajiri, mvua inanyesha, yeye ana vijiti vikavu vyenye joto la mwili wake, na watu wanapata uji.

Hapo mzee alinionyesha kwa mikono yake. Akachukua vijiko vitatu kwenye sinia, akavipanga sambamba, akavizungushia uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa koti lake, mzunguko wa kwanza, wa pili, kisha ncha akaipitisha katikati na kuvuta kwa meno. Alifanya bila kuangalia. Vidole vilivyokuwa vikitetemeka aliposhika kikombe havikutetemeka hata kidogo.

"Na mboga?" nikauliza. Nilishapata somo.

Akacheka. Wachina, alisema, kila walipopiga kambi walilima bustani. Hata mahali pa kukaa muda mfupi, wao wanapiga matuta. Yule mpishi hakujua neno la Kichina hata moja. Alikuwa anakwenda na sufuria yake, anasimama pembeni ya tuta, ananyooshea kidole jani, ananyooshea sufuria. Kulikuwa na fundi mmoja wa Kichina, mtu mzima, mwenye kisu kidogo. Alikuwa anamtazama muda mrefu kama anayepima mpaka wa shamba, kisha anainama na kumkatia majani mapana, kama haya chainizi mnayonunua Mwanjelwa. Siku ambayo fundi huyo alishikwa na homa, mpishi alimpelekea uji wa kwanza kabla ya wenzake, na kambi nzima ikanung'unika lakini ikasubiri.

Bibi alikuwa ameacha viazi. "Mimi miaka yote hii umenisimulia baruti tu," alimwambia.

Nilikula viazi vile haraka, nashukuru hata sikuonekana sina adabu, kwa sababu nilikuwa nataka kuandika kabla vijiti havijapoa. Niliandika kwenye daladala, daftari limeegemea goti, na nyumbani nikaendelea hadi usiku mkubwa. Handaki limebaki, silitupi, lakini sasa linakuja baada ya uji. Hotuba ya kijana wangu imeondoka yenyewe. Mahali pake yupo mtoto wa Njombe aliyekumbatia kuni, na nikikaa kuandika yeye ndiye anayefika wa kwanza. Nyerere na Kaunda wamo pia, mbali, kwenye redio ya kambi, huku yeye akipepea moto.

Naamini kwa dhati kwamba riwaya zetu za historia zinahitaji jiko. Tangu siku ile sisomi kitabu kwa namna ile ya zamani. Nimeirudia Kuli nikiwa na kalamu, nikiwafuata wale wachukuzi hadi majumbani kwao, nione wanarudi kwa nani na wanakuta nini mezani. Na sokoni nimekuwa msumbufu. Wauza mkaa wananiona wanacheka, maana huwa nauliza mti gani unawaka ukiwa mbichi.

Sura nne mpya zimekamilika. Nyingine mbili zinanisumbua, hasa ya kupanda milima kuelekea Makambako, ambako kambi inahama na bustani inaachwa nyuma. Kila nikimaliza sura napanda gari hadi Iyunga. Mara ya mwisho mzee aliniuliza kama mpishi atafika Kapiri Mposhi na wenzake. Nikamwambia hapana, anaishia Makambako, anaoa pale.

"Hapo sawa," akasema. "Wengi walioa pale. Sasa niambie, huyo mke ni binti wa nani?"