Nilivyolichora Jengo la Kuogelea la Victoria Baths

Nikiwa mwaka wa pili wa usanifu wa ndani ya majengo, tulipewa kazi ya kuchagua jengo kongwe na kulichorea matumizi mapya. Nikachagua Victoria Baths la Manchester, jengo la kuogelea la umma lililofunguliwa 1906 na kufungwa 1993.

Siku ya kwanza niliipoteza bure. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili: vigae vya kijani, vioo vya rangi, samaki wa mozeki (vipande vidogo vya vigae vilivyopangwa kuwa picha) sakafuni. Mwalimu alizitazama, kisha akauliza: "Mtu anaingilia wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikarudi Hathersage Road, barabara lilipo jengo, na tepu ya kupimia na daftari tu. Mbele ya jengo kuna milango mitatu, na juu ya kila mmoja kuna maandishi: wanaume daraja la kwanza, wanaume daraja la pili, wanawake. Nikafuata njia ya kila mlango hadi kwenye bwawa lake, nikiandika kila nilichokigusa. Upande wa daraja la kwanza vigae vya kijani vinapanda na ngazi hadi juu. Kwingine mapambo yanapungua.

Mzee mmoja anayejitolea pale ndiye aliyenieleza habari ya maji. Maji safi yalianzia bwawa la daraja la kwanza, yakishatumika yakapelekwa la pili, na mwisho yakaishia kwa wanawake.

Nilikaa ukingoni mwa bwawa lile la mwisho muda mrefu. Kwetu Tanga maji ya kufulia tuliyasugulia ukumbi, kwa hiyo kuyatumia maji mara mbili si jambo la kunishtua. Kilichoniuma ni zamu yenyewe: wa mwisho alikuwa yuleyule kila mara. Na katika jengo hilo hilo alifanyia mazoezi Sunny Lowry, mwanamke aliyeogelea kuvuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa hadi Uingereza mwaka 1933!

Hapo mchoro wangu ukapata pa kuanzia. Mgeni anaingilia mlango wa wanawake, na maji safi yanaanzia bwawa lao. Kazi ngumu ilikuwa kupima mteremko wa sakafu ya bwawa, maana kipimo cha leza kilichanganywa na mng'ao wa vigae, nikapima upya kwa tepu, hatua kwa hatua, kutwa nzima. Maandishi ya juu ya milango sikuyagusa.